Mikono Nyuma Shambani kwa Dada

Nimefundisha baiolojia miaka ishirini na mitatu, na ua ninalolichora ubaoni ni lile lile. Nalichora bila kutazama kitabu, huku naongea, huku namkodolea macho anayesinzia dirishani. Petali hapa, stameni pale, stigma juu. Wanafunzi wananakili, nasahihisha, na atakayekosea mshale mmoja alama imeondoka. Sikuwahi kuona kasoro katika utaratibu huo mpaka dada yangu alipoteleza na mkungu wa ndizi kichwani, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia, akanipigia simu nipande mlimani kwake Kinole.

Dada amenizidi miaka minne. Anaishi kwenye ardhi ya ukoo, na kwetu Waluguru ukoo ni wa mama, kwa hiyo ardhi inapitia kwa wanawake na neno la mwisho ni la mjomba. Mjomba wetu sasa ni mzee wa fimbo, ila kauli yake haijazeeka. Miaka mitatu iliyopita dada alimwomba kipande kidogo juu ya kijito apande vanila. Wakubwa wakaguna. Vanila hailiwi, haipikwi na ugali, na inataka ipandiwe miti ya mibono ili itambae juu yake. Mjomba akasema panda, lakini siku itakayochanua kwa mara ya kwanza isipozaa, inang'olewa yote, na kipande anapewa binamu yetu aweke magimbi. Dada akakubali mbele ya watu wote.

Miaka mitatu aliilea. Aliivisha majani makavu miguuni, akaikunja ilipotaka kukimbilia juu, akaipunguzia kivuli tawi moja moja. Ikaja kuchanua. Wiki hiyo hiyo ndiyo akaanguka.

Sasa ua la vanila lina visa vyake. Linafunguka asubuhi moja tu, na ikifika saa sita mchana limeshajifunga, basi, halifunguki tena. Mdudu anayeliweza hayupo kwetu, alibaki huko vanila ilikotoka. Kwa hiyo binadamu ndiye anakuwa mdudu. Anakwenda ua kwa ua, mkono mmoja umeshika ua, wa pili umeshika mwiba, anaipeleka mbelewele, ule unga wa uzazi wa ua, mahali pake. Likishika, linanyauka lakini linabaki juu, na kikonyo chake kinakuwa ganda. Lisiposhika, kesho au keshokutwa liko chini. Kinole nzima hakuna mtu mwingine aliyeijua kazi hiyo. Dada mwenyewe aliiona siku moja, kwa mkulima wa upande wa pili wa mlima, akarudi nayo kichwani. Binti yake wa pekee ameolewa Dumila na alikuwa na kichanga cha wiki mbili. Nikabaki mimi.

"Mwalimu," aliniambia kwenye simu. Ananiita hivyo anapotaka kunichokoza. "Si unafundisha maua wewe? Njoo basi uyafundishe haya yangu."

Sitadanganya, nilivimba kichwa. Likizo ilikuwa ndiyo kwanza imeanza. Nikachukua bodaboda kutoka kwangu Mazimbu, mjini, kabla jua halijatoka, begi mgongoni, miwani nimeifuta vizuri. Lakini kijijini kwetu hupiti tu. Kila mkubwa unayemkuta unasimama, unainama kidogo, shikamoo, marahaba, habari za mjini, za watoto, za kazi, na mvua huko mmeionaje. Kwa mjomba ndiyo usiseme. Mjomba ukimpa shikamoo ya kupita anakuita urudi uanze upya. Nimemwona akimrudisha mtu mwenye wajukuu. Nilikaa kwake, nikanywa uji, nikaulizwa habari za watu ambao mimi mwenyewe nimewasahau. Nilipofika kwa dada ilikuwa saa tano na nusu.

Alikuwa amekaa juu ya gogo pembeni ya shamba, mkono umefungwa hogo la plasta na kuning'inizwa shingoni kwa kanga. Maua yalikuwa yameshalegea.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umesalimia watu wangapi?"

Nikamwambia sikumbuki.

"Mimi nakumbuka," akasema. "Maua kumi na tisa."

Nililala hapo hapo kwake, na asubuhi iliyofuata, alipomaliza kuswali, tulikuwa shambani umande ukiwa bado. Nikaona nianze na somo. Nikamweleza sehemu zote za ua, kazi zake, na kwa nini hili la vanila lina utando unaozuia mbelewele isifike kwenye stigma. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anavyosikiliza redio ya jirani. Nilipomaliza akanipa mwiba wa mlimao.

Ua la kwanza nililipasua katikati. La pili nililiponda kwa kidole gumba. La tatu nilidhani nimeliweza, la nne pia, na kufikia la saba nilikuwa natoa jasho na asubuhi yenyewe ya baridi. Kesho yake, nimekaa nasubiri chai, dada akaja na sahani. Ndani ya sahani kulikuwa na maua saba yaliyonyauka. Akaiweka mbele yangu, karibu na kikombe.

"Majibu ya mtihani wako haya," akasema.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, wanafunzi wangu ni mashahidi. Nilisimama, nikasema maneno. Kwamba mimi si mkulima, kwamba mwiba wenyewe butu, kwamba atafute mtu mwingine, kwamba nimeacha familia yangu mjini kuja kuchekwa na sahani. Dada alingoja niishiwe pumzi.

"Umemaliza? Haya, twende. Leo mikono nyuma."

Alimaanisha hivyo hivyo. Mikono yangu niikunje nyuma, nisiguse kitu, nitazame. Kwa mkono wa kushoto na ncha za vidole zilizochungulia nje ya hogo aliweza kufanya maua matatu kwa asubuhi moja, si zaidi, na la tatu alilifanya huku amekunja uso kwa maumivu. Baada ya kila ua alinigeukia.

"Umeona nini?"

Nikasema nimeona ameinua rosteliamu, yaani ule utando.

"Hilo umesoma. Nimekuuliza umeona nini."

Mwalimu mzima, na cheti kinaning'inia ukutani, na ua moja limenishinda. Nilitazama tena ua la pili, na la tatu. Na kote shambani, huku na huku, yalikuwepo mengine kumi na kitu yaliyofunguka, yakingoja saa sita. Nikamwambia dada tunapoteza maua, sharti la mjomba liko pale pale, kila linalodondoka ni hatua moja kuelekea magimbi. Unadhani hakuyajua hayo? Aliyajua kuliko mimi.

"Ama yapotee haya," akasema, "ama yapotee yote. Mikono nyuma."

Ilikuwa katika kusimama pale siku ya pili, mikono imefungana mgongoni, ndipo nilipokumbuka kwamba hii haikuwa mara ya kwanza. Mimi nilijua kusoma kabla ya kuanza shule. Dada alikuwa akirudi darasani anachora herufi kwenye majivu jikoni, na mimi nilikuwa nampokonya kijiti. Siku moja akaniambia, weka mikono nyuma, tazama kwanza. Nilikuwa na miaka mitano. Ndivyo nilivyoijua A. Miaka ikapita, yeye akamaliza shule ya msingi, akafaulu kuliko nilivyokuja kufaulu mimi, na ukoo ukakaa kikao. Nguvu ilikuwepo ya kumsomesha mmoja. Mjomba akasema asubiriwe wa kiume, ndiye asome. Dada hakulia mbele ya mtu. Zamu yangu ilipofika alinishonea kifungo cha shati la shule, nikaondoka.

Jambo hili nilikuwa nalijua siku zote, lakini nilikuwa nalijua kama ninavyojua sehemu za ua.

Asubuhi ya pili ya kutazama nikaanza kuona. Niliona kwamba mdomo wa ua una vinywele vinavyoelekea ndani. Niliona kwamba ule utando, ambao dada anauita pazia, hausukumwi. Unainuliwa kwa chini, polepole, ukitulia juu ndipo kidole kinakuja. Kidole chake gumba kilikuwa hakibonyezi, kinaegemea tu. Ua lililofunguka sasa hivi lilikuwa gumu kidogo, na la saa mbili lilikuwa limelainika. Na kila alipoinua pazia, dada alikuwa anatoa pumzi. Hayo yote nilimwambia. Akaitikia kwa kichwa, akanipa mwiba.

Siku hiyo alinitazama mimi kama nilivyokuwa natazama maua. Ua la kwanza mwiba uliteleza.

"Mbona huhemi?" akauliza.

Kweli, nilikuwa nimebana pumzi. Nikaitoa, mkono ukatulia. Nikaendelea, nikaharibu mawili. Akanitazama tena.

"Wewe bila kitu tumboni huwezi kazi. Tangu utoto uko hivyo."

Akaenda akarudi na muhogo wa kuchemsha na chai ya mdalasini, nikala nimesimama. Nikajaribu tena, nikaharibu moja. Hapo akanipa mgongo kabisa, akakaa kwenye gogo akaanza kumenya maharage kwa mkono mmoja.

"Nikikutazama unafanya kwa ajili yangu," akasema. "Fanya kwa ajili ya ua."

Katika chuo tulisoma somo zima kuhusu namna mtu anavyojifunza, na nilifaulu vizuri. Lakini hakuna mtu aliyewahi kunitazama kwa makini kiasi hicho na kujua kwa dakika ishirini kwamba ninabana pumzi, ninahitaji muhogo, na ninaogopa macho ya watu. Nilimwonea fahari dada yangu.

Nilifanya maua tisa. Kesho yake nilifika shambani kabla yake, giza ndiyo kwanza linaachia. Manane yalikuwa chini. La tisa lilikuwa juu. Limenyauka, limejikunja, baya kulitazama, lakini nililigusa na halikudondoka. Nikamwita dada kwa sauti ambayo sijaitumia tangu nikiwa wa kaptula. Akaja mbio, kanga inamvuka, akidhani nimeumwa na nyoka. Alipoona ninachoonyesha akacheka hadi akalazimika kuushika ule mkono mbovu.

Tangu asubuhi ile sikuhitaji kuamshwa. Siku iliyofuata yalishika manne, baadaye saba, baadaye kumi na moja katika kumi na matatu. Nilikuwa nalala nikifikiria maua ya kesho. Na nikawaza wanafunzi wangu. Mimi mtihani ninaurudisha baada ya wiki tatu, umejaa wino mwekundu, mtoto ameshasahau alichokuwa anataka kujua. Ua la dada lilinijibu kesho yake tu, na halikunifokea.

Sifa zikanilevya, kama kawaida yangu. Kulikuwa na shina moja lenye vichala vikubwa, nikalipania. Kila ua lililofunguka pale nililifanya, siku baada ya siku, na yote yakashika. Mia kwa mia. Nikamwita dada aje aone. Alikizunguka kichala cha kwanza, akakitazama kwa chini, halafu kwa kucha za mkono wa kushoto akaanza kuyang'oa yale maganda machanga. Moja, jingine, jingine. Alibakisha manane, akaenda kichala cha pili.

"Dada, unafanya nini?"

"Hili shina ndiyo uzazi wake wa kwanza. Ukilibebesha yote litakufa, na mia kwa mia yako mkononi."

Nilinuna. Niseme ukweli, nilinuna mpaka saa nane mchana, mtu na mvi zangu, nimekaa nyuma ya nyumba natupia kuku mawe madogo ambayo hayawafikii. Yalikuwa ni maua yangu. Lakini hasira ilipopoa niliwaona kidato cha nne wangu, wale ninaowashindilia masomo ya asubuhi, ya mchana na ya Jumamosi, na macho yao yanavyokuwa ikifika mwezi wa kumi. Nikarudi shambani nikamsaidia kupunguza.

Siku mbili kabla ya likizo kwisha mjomba akaja kutazama sharti lake. Alikuja peke yake na fimbo, amevaa koti. Salamu zilichukua muda wake, hakuna aliyethubutu kuzikatisha. Kisha akatembea mstari kwa mstari. Maganda yalikuwa yananing'inia, ya kijani, mengine urefu wa kidole, mengine ndiyo yanaanza kunyooka. Hayakuwa mengi kama ambavyo yangekuwa dada angekuwa mzima. Binamu yetu, kama angekuwepo, angesema ni machache. Dada alisimama pembeni, ameshika hogo lake kwa mkono mzima, na niliona vidole vyake vinavyolibana.

Mjomba alisimama mbele yangu. "Hii umeifanya wewe."

"Ndiyo, mjomba."

"Unaona? Siku ile tuliposema wewe ndiye usome, hatukukosea."

Dada akainamisha kichwa. Mimi hasira ikanipanda, lakini kwa mjomba hupandishi sauti, unaimeza unaitoa kwa adabu. Nikamwambia, "Mjomba, mlikosea. Nilikuja hapa najua majina tu, nikaharibu maua yake. Huyu ndiye aliyenifundisha. Hata kusoma alinifundisha huyu, kwenye majivu, kabla hamjakaa kikao."

Sijawahi kumwambia mjomba neno kama lile. Alinitazama muda mrefu, halafu akamtazama dada, kuanzia kwenye hogo mpaka usoni.

"Mwenye mkono mmoja amekufundisha kazi ya mikono miwili?"

"Ndiyo."

"Basi na mimi anifundishe," akasema. Sikuweza kujua kama ni dhihaka.

Ilikuwa saa tatu, maua yalikuwa bado hayajajifunga. Dada akachukua mwiba. Nilidhani angeanza kumwomba radhi, au angenipa mimi mwiba nionyeshe. Akasema, kwa upole uleule, "Mjomba, weka mikono nyuma."

Nilitazama chini. Hakuna mtu anayempa mjomba amri, mimi sijamwona. Nikasikia fimbo inanigusa begani. Alikuwa ananipa niishike. Nilipoinua macho, mzee alikuwa amesimama wima mbele ya kichala, mikono imefungana nyuma ya koti.

Dada akafanya ua moja, taratibu, akivumilia maumivu. "Umeona nini, mjomba?"

Mzee akafikiri. "Nimeona hukubonyeza," akasema. "Umeegemeza."

Mimi hilo lilinichukua asubuhi mbili. Baadaye ndipo nilipokumbuka kwamba mjomba ujana wake wote alikuwa msusi wa vikapu, na macho yake hayakuwa yamesahau kutazama vidole. Dada akampa mwiba na ua moja, akampa mgongo. Mimi pia nikageuka. Tulikaa hivyo, tukisikia kijito. Mzee alipokohoa kwamba amemaliza, dada alichomoa uzi kwenye pindo la kanga yake, akalifunga lile ua alama. Mjomba akachukua fimbo yake.

"Neno langu nitasema kesho," akatuambia, akaondoka.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nimeshafunga begi, namngoja bodaboda nirudi mjini. Dada alikuwa jikoni anachochea moto, na tangu jana hakuwa amekula kitu cha maana. Kulikuwa hakujapambazuka sawasawa tuliposikia hatua kwenye njia. Alikuwa mjomba, bila fimbo, bila koti, ndala zimelowa umande.

"Shikamoo mjomba," nikasema, nikainama.

Akanipita. Dada naye akatoka, akasalimu, akapitwa vilevile. Tulitazamana, kisha tukamfuata. Alikwenda moja kwa moja kwenye shina lenye uzi. Ua lilikuwa limenyauka, limejikunja, na lilikuwa juu. Hakuligusa. Alisimama mbele yake, polepole akapeleka mikono nyuma, akatazama.

"Mwambieni binamu yenu," akasema bila kugeuka, "magimbi akatafute pengine."

Dada alikaa chini, pale pale kwenye umande. Machozi yake niliyaona asubuhi hiyo kwa mara ya kwanza.

Mjomba alikuwa ameshahamia shina la pili, anachungulia vichala. "Leo yamefunguka mangapi?"

"Kumi na moja," dada akajibu kutoka chini.

"Nipe mwiba."

Dada akajifuta uso kwa pindo la kanga, akamtazama yule mzee, mikono yake, midomo yake mikavu.

"Kunywa chai kwanza, mjomba," akasema, na mzee akaenda akakaa, akanywa.